Mashua ya balsa iliyokunywa maji

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mzazi hapa South B, Nairobi. Mwanangu wa miaka 13 anapenda mashua, tukaamua kuunda moja ya sentimita 60 yenye mota ya betri. Nilinunua mbao za balsa za milimita 3 kwenye duka la vifaa vya uchoraji mjini, pale wanafunzi wa usanifu majengo wanaponunua za kwao. Baadhi zilikubali kuzungushwa kwenye mataruma, zile fremu za ndani, bila shida, nyingine zilipasuka kwa urefu kila tulipojaribu, ilhali zote zilitoka rundo moja. Tuligandisha kwa gundi nyeupe ya seremala, tukapaka nje rangi ya mafuta mara mbili. Kwenye bwawa la kuogelea ilienda vizuri kama nusu saa, kisha ikaanza kulala upande mmoja. Kesho yake mbavu zilikuwa zimevimba na rangi inabanduka. Jirani yetu seremala anasema balsa ni ya ndege za kuchezea, nitumie saiprasi au plaiwudi. Je, niachane na balsa?

JIBU: Usiachane nayo, ndugu yangu. Jirani yako amesema kweli katika jambo moja: balsa tupu haina kazi majini. Saiprasi na plaiwudi pia zina nafasi yake kwenye mashua hiyo, nitafika huko. Lakini ubavu wa mashua unajikunja kuelekea omo, yaani mbele, na papo hapo unajiviringa kuelekea mkuku, ule uti wa chini, na plaiwudi haipendi kupinda pande mbili kwa mpigo. Kijana wa miaka 13 atachoka kushindana nayo kabla hajafika nusu ya kazi. Balsa inatii kisu, msasa na maji ya moto. Ndiyo maana nawasihi wazazi wanaoanza na watoto waanze na balsa, ila waijue vizuri.

La kujua kwanza ni kwamba kwenye mashua balsa inatoa umbo tu. Nguvu, na uwezo wa kuzuia maji, vinatoka kwenye kile unachoivika, ndani na nje. Ulipofikia kwenye rangi ya mafuta ulikuwa umemaliza umbo, na kazi ya kuunda mashua ilikuwa haijaanza.

Nieleze sababu, maana ukiijua hutahitaji kukariri maagizo yangu. Mti wa balsa, ambao kwa jina la kisayansi ni Ochroma pyramidale, asili yake ni nchi za joto za Amerika, na sehemu kubwa ya mbao zake zinazouzwa duniani hutoka Ekuador. Ni wa ukoo mmoja na mbuyu na msufi wetu, na aliyewahi kubeba gogo kavu la msufi hatashangaa. Unakua mbio sana, na kwa kawaida huvunwa ukiwa bado mchanga, wa miaka michache tu. Ukiwa hai umejaa maji, na gogo lake bichi ni zito. Mbao zikishapasuliwa hukaushwa kwenye tanuri, maji yanatoka, na seli zake kubwa zenye kuta nyembamba zinabaki tupu. Wepesi ule unaoufurahia ukishika ubao ni hewa iliyochukua nafasi ya maji, na njia maji yalikotokea bado iko wazi.

Watu huniuliza habari za chelezo cha Kon-Tiki, kwamba mbona hicho hakikuzama. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl na wenzake watano walifunga magogo 9 ya balsa, wakaondoka Callao nchini Peru, na baada ya siku 101 wakafika kwenye miamba ya Raroia, katika visiwa vya Tuamotu katikati ya Pasifiki. Wapo waliokuwa wamewatabiria kwamba magogo yatalowa na kuzama njiani. Lakini yale yalikuwa magogo mabichi na manene, utomvu ungalimo ndani, na Heyerdahl mwenyewe aliamini kuwa utomvu huo ndio uliozuia maji kupenya. Ubao wako una unene wa milimita 3, umekaushwa, na hauna utomvu wa kuutetea. Kinga lazima uilete wewe.

Wahandisi wamelijua hilo zamani. Waingereza walipounda ndege ya kivita ya De Havilland Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, kiwiliwili chake kilikuwa balsa iliyobanwa katikati ya tabaka mbili za plaiwudi nyembamba. Mapanga mengi ya mitambo ya upepo duniani leo yana balsa ndani na faibaglasi nje. Mpangilio ni uleule: katikati kitu chepesi kinachotenganisha ngozi mbili ngumu, na ngozi ndizo zinazobeba mzigo. Mashua yako ya sentimita 60 inafuata kanuni hiyohiyo, kwa kipimo chake.

Sasa turudi kwenye lile rundo la dukani, kwa sababu hapo ndipo ulipopata shida ya kwanza, na ndipo wengi wanapopatia.

Balsa inatofautiana kwa uzito kuliko karibu mbao yoyote utakayoishika. Mbao mbili za ukubwa uleule, rangi ileile, zimelala pamoja kwenye rafu moja, na moja inaweza kuwa na uzito mara mbili ya nyingine. Nenda na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Ubao wa kawaida una urefu wa inchi 36, yaani karibu milimita 915, upana wa milimita 100, na wako una unene wa 3. Huo ukiwa chini ya gramu 30 ni mwepesi sana. Kati ya gramu 35 na 53 ni wa wastani. Ukizidi hapo ni mzito na mgumu. Kwa vipimo vingine, zidisha urefu, upana na unene kwa sentimita, kisha gawanya gramu kwa jibu hilo. Chini ya 0.11 ni nyepesi, 0.13 hadi 0.19 ni ya wastani, zaidi ya hapo ni nzito. Maji yenyewe ni 1, kwa hiyo unaona nafasi tuliyonayo.

Waunda ndege hugombania mbao nyepesi kuliko zote, na ushauri wao umeenea hadi kwa waunda mashua ambao hauwafai. Piga hesabu. Mashua ya sentimita 60, upana 18, inayozama sentimita 5, yenye tumbo linalojaza kama nusu ya kisanduku cha vipimo hivyo, inasukuma sentimita za ujazo 2,700 za maji. Maana yake ni kwamba ikiwa na kila kitu ndani inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 2.7 ili ielee pale ulipochora mstari wa maji. Mbao zote za ngozi yake, ukitumia balsa ya wastani, ni kama gramu 80. Hata ukichagua nzito kabisa umeongeza gramu 80 nyingine, na bado utalazimika kuweka risasi au vyuma chini ili ikae sawa. Kwa hiyo chagua balsa ya wastani na nzito kwa tumbo na mbavu, ambayo haibonyei ukiigusa kwa ukucha, na uache ile nyepesi kwa sitaha na kibanda cha juu. Uzito unaodhuru mashua ni ule ulioko juu. Wa chini unaisaidia isipinduke.

Kitu cha pili cha kuangalia ni jinsi ubao ulivyokatwa kutoka kwenye gogo, na hiki ndicho kilichowapasulia mbao zenu. Shika ubao kwa kingo zake mbili ndefu, ukunje polepole ili kingo hizo zisogeleane. Ubao uliokatwa kwa kufuata mzingo wa gogo utakubali, hata utajiviringa bila manung'uniko. Ukiutazama juu yake utaona mistari mirefu ya kahawia inayokimbia kwa urefu. Waunzi huuita daraja A. Ubao uliokatwa kutoka moyo wa gogo kwenda kwenye ganda utagoma. Ukiuinamisha kwenye mwanga wa dirisha utaona vidoa vidogovidogo vinavyometa, vimetapakaa uso mzima, na hauna ile mistari mirefu. Hilo ni daraja C. Ukilazimisha ujikunje kwa upana, unapasuka kwa urefu na sauti kavu, sawasawa na ulivyoeleza. Daraja B liko katikati. Wauzaji wengi hapa Nairobi hawatenganishi, kwa hiyo rundo moja lina aina zote. Mbao zenu hazikuwa na kasoro; ziliwekwa mahali pasipo pake. Daraja C ni hazina kwa sitaha, kuta za kibanda na kila kitu kinachotakiwa kubaki bapa, kwa sababu halijikunji hata hali ya hewa ikibadilika. Ukifika nyumbani andika herufi kwa penseli kwenye kona ya kila ubao kabla hujakata chochote.

Hata daraja A haliwezi kuzunguka omo likiwa ubao mzima. Pale pasua vipande vyembamba vya upana wa milimita 8 hadi 10, uvipange kimoja baada ya kingine kama mbao za jahazi zinavyopangwa Lamu. Weka kimoja kulia, kinachofuata kushoto. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mvuto wa mbao utaupinda mkuku na mashua itaenda mviringo maisha yake yote.

Kukata ni suala la makali. Mimi naona visu vya kukatia karatasi vya bei ndogo vinaharibu balsa nyingi kuliko kitu kingine chochote, maana vinasaga seli badala ya kuzikata. Nenda duka la dawa uombe wembe wa upasuaji namba 11 na mpini wake namba 3. Pitisha mara nne au tano kwa wepesi, usijaribu kumaliza kwa pigo moja. Wembe hupenda kufuata nyuzi za mbao, kwa hiyo tazama nyuzi zinaelekea wapi, uweke rula ya chuma upande ambao nyuzi zitausukuma wembe dhidi yake. Ukiiweka upande wa pili, wembe utaikimbia rula na kuingia kwenye kipande unachokitaka. Na badilisha wembe mara tu unapoanza kuacha manyoya kwenye ukingo.

Kwa kupinda, chemsha maji, weka kipande kwenye sinia au beseni refu, mimina maji ya moto juu yake, ukiache kama dakika ishirini. Kisha kifunge kwenye mataruma bila gundi, kwa vibanio vya nguo na vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, kikauke hadi kesho yake. Ukikifungua kitakuwa kimeshika umbo. Hapo ndipo unaweka gundi. Wengi hugandisha mbao zikiwa bado na maji, nazo zikikauka zinasinyaa na kuacha mianya kila mahali.

Mataruma na mkuku ndipo ushauri wa jirani yako unapoingia. Yakate kwa plaiwudi ya milimita 3, uyapange kila baada ya sentimita 5 au 6. Kwenye kingo za juu, ambapo sitaha itakalia, pitisha vipande virefu vya saiprasi. Fanya kazi yote juu ya ubao ulionyooka kabisa. Kipande cha softibodi ya dari juu yake kinapokea pini vizuri.

Gundi nyeupe ya kawaida ni nzuri kwa fanicha ya ndani, lakini ikikaa na maji inalainika, na nina hakika ndivyo viungo vyenu vilivyoachia. Ipo gundi ya mbao inayostahimili maji, na chupa yake huandikwa D3 au D4. Hiyo inatosha kwa mbao za ubavu kwa sababu baadaye utazifunika. Kila kinachoshika mkuku, bomba la ekseli (lile linalopitisha ekseli ya mota kwenda nje) na usukani, tumia epoksi. Supaglu iwe ya kushikilia tu kipande kisisogee wakati epoksi inakauka. Inavunjika kwa mshtuko, na mvuke wake unachoma macho, kwa hiyo dirisha liwe wazi. Usimruhusu kijana aipanguse kwa pamba au fulana: supaglu ikikutana na pamba inapata moto ghafla hadi kuchoma ngozi. Gundi yoyote utakayotumia, weka kidogo. Ile inayofurika kwenye kiungo ni ngumu kuliko balsa, na ukipiga msasa mbao zitaliwa, gundi itabaki imesimama kama tuta.

Msasa wenyewe ugandishe kwenye kipande kirefu cha mbao kilichonyooka, namba 120 kisha 240. Vidole pekee vinachimba mabonde. Vaa barakoa, vumbi la balsa ni laini mno na linakaba kifua. Na usilitupe. Likusanye kwenye mkebe, utalihitaji: ukilichanganya na epoksi linatoa kijazio chepesi chenye ugumu wa wastani. Sipendi kuona watu wakijaza mianya kwa ile bodifila ya magari inayouzwa Grogan. Ni nzito, ni ngumu mara nyingi kuliko balsa inayoizunguka, na huwezi kamwe kulainisha viwili hivyo pamoja.

Sasa tufike kwenye kinga, na hapa naomba usiwe na haraka.

Rangi ya mafuta inakauka juu ya uso. Haiingii ndani ya seli wala haizibi ncha za nyuzi. Maji yakipata tundu moja, mara nyingi pale bomba la ekseli linapotoka au kwenye kiungo cha mkuku, yanafyonzwa na ncha za nyuzi na kusafiri ndani ya ubao, chini ya rangi. Ubao unavimba, rangi haiwezi kuvimba nao, inabanduka. Na ndani ya mashua yako hapakuwa na kitu kabisa, kwa hiyo maji machache yaliyoingia yalikunywewa na ubavu ulio karibu nayo. Ndiyo sababu ililala upande mmoja.

Anza ndani, kabla sitaha haijawekwa, maana baadaye mkono hautafika. Paka epoksi nyepesi kwa brashi mara mbili, na kwenye ncha za nyuzi na pembe zote mara tatu. Usiipunguze kwa thina. Kama ni nzito, tumbukiza chupa zote mbili zikiwa zimefungwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kadhaa, itakuwa laini. Pima kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa yako, si wa rafiki yako, kwa sababu chapa zinatofautiana na epoksi iliyopimwa vibaya haikauki hata ukiisubiri hadi Krismasi. Changanya kidogo kidogo kwenye chombo bapa. Ikirundikana kwenye kikombe inajipasha moto yenyewe na kuganda mikononi mwako. Vaa glavu.

Saa ya kupaka ina maana kuliko watu wanavyodhani. Balsa imejaa hewa. Ukipaka asubuhi, jua la Nairobi likipanda linapasha ubao, hewa iliyomo inapanuka na kutoka kupitia epoksi mbichi, na unapata uso wenye vitundu vidogo visivyohesabika, kila kimoja njia ya maji. Paka alasiri, ubao ukiwa umeota joto la mchana na sasa unapoa. Hewa ndani inasinyaa na kuivuta epoksi iingie kwenye seli. Ukishika ubao kesho yake utausikia umebadilika, unatoa sauti ngumu ukiugonga kwa kucha. Julai, baridi yetu ikiwa kali, fanya kazi chumba kilicho na joto, maana usiku wa baridi epoksi hubaki ikinata kwa muda mrefu.

Nje, juu ya balsa iliyopigwa msasa na kufutwa vumbi, tandaza kitambaa cha faibaglasi chepesi cha gramu 25 hadi 50 kwa mita ya mraba, uipake epoksi kupitia kitambaa ukitoka katikati kwenda pembeni. Mikeka mizito inayotumiwa na mafundi wa matangi na bampa za matatu haifai hapa. Inakunywa epoksi kupita kiasi na haifuati mzunguko wa omo. Ukikosa kitambaa chepesi, stokingi ya nailoni iliyovutwa juu ya mashua nzima hufanya kazi nzuri, kwa kuwa inajinyoosha kila upande. Waunzi wameitumia miaka mingi na sioni aibu kuipendekeza. Ikikauka utaona nyuzi za kitambaa juu. Paka mara ya pili kuzijaza, kisha piga msasa wa maji namba 320. Usichimbe hadi kitambaa.

Utasikia wengine wakikuambia upake kwanza sandingi sila, ile mafundi wa fanicha wa Ngong Road wanayopaka kabla ya vanishi. Chini ya epoksi usiiweke. Epoksi inataka kushika mbao yenyewe, na sila inakaa katikati na kuwatenganisha. Sila ni nzuri kwa kibanda, mlingoti na vitu vya juu ambavyo vitarushiwa matone tu. Ichanganye na poda ya mtoto kidogo, paka, piga msasa, paka tena, hadi uso uache kuota manyoya.

Kabla ya rangi, osha epoksi iliyokauka kwa maji na sabuni, kisha msasa. Epoksi nyingi, hasa zikikauka kwenye baridi na unyevu, huacha utando wa mafuta juu ambao macho hayauoni, na rangi yoyote juu yake itabanduka. Baada ya hapo rangi ni ya kupendeza tu, na kijana achague mwenyewe.

Mota isifungwe kwenye balsa. Skrubu hazishiki humo. Weka kitako cha plaiwudi kilichogandishwa kwenye mataruma mawili, na bomba la ekseli ulizungushie epoksi yenye vumbi la balsa ndani na nje, pembe yake iwe ya mviringo.

Na hiyo iliyolowa, usiitupe. Fungua sitaha, toa mota na betri, iweke kivulini mahali penye upepo. Jua kali litazipinda mbao kwa kuzikausha upande mmoja. Ipime kila wikendi kwa ile mizani, na uandike. Uzito ukiacha kushuka, imekauka. Kwangua rangi yote. Bonyeza kila ubao kwa kidole. Palipo laini au peusi kata uweke kipande kipya. Viungo vilivyoachia visafishe gundi ya zamani na uvijaze epoksi. Halafu fuata utaratibu wa ndani na nje niliouandika hapo juu, kana kwamba ni mashua mpya. Itakuwa nzito kidogo kuliko ambayo ingejengwa vizuri tangu mwanzo, lakini una kilo 2.7 za kuchezea.

Ikiwa tayari, ipime ikiwa kavu kabla hamjatoka nyumbani. Iacheni ielee bwawani nusu saa, mota ikizunguka, kisha ipanguseni kwa taulo, mfungue kifuniko cha sitaha na kumwaga maji yoyote yaliyoingia, na mpime tena. Ikiwa imeongezeka gramu kumi au zaidi, kuna balsa mahali fulani inayokunywa. Anzeni kuitafuta kwenye bomba la ekseli na tundu la usukani. Msiirudishe majini hadi imekauka na pameshazibwa. Mwachie kijana mizani na daftari. Hiyo sehemu ataiweza kuliko sisi.